Mama Aliponiombea Msamaha kwa Kocha Mfaransa

Nikisikia harufu ya dawa ya kuchua misuli, ile inayochoma pua, namkumbuka kocha wetu Mfaransa na goti lake. Alilichua kila Jumamosi kwenye uwanja wetu karibu na barabara ya Bailey, hapa Buffalo, Marekani, huku akitusimulia maisha yake. Alicheza ligi ya chini kwao Ufaransa mpaka goti likamwangusha. Akaja Louisville kujaribu tena, goti likakataa. Akahamia mji wa Columbus, akawa kocha msaidizi. Kwetu ndipo alipopewa ukocha mkuu kwa mara ya kwanza, na timu yenyewe, msinicheke, ilikuwa sisi: mabinti wa wakimbizi kutoka milima ya Kivu Kusini, wengine tumevaa sketi juu ya suruali kwa amri ya mama zetu.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilijiona mshambuliaji hatari. Basi kocha akaniweka benchi wiki tatu mfululizo, ubavuni pake, na safari ya mashindano ya Columbus inakaribia. Niliogopa nitaachwa. Nililia bafuni, maji nimeyafungulia ili nisisikike, lakini sikio la mama halizibwi na bomba.

Lazima mjue jambo moja. Kwetu, mtoto akitengwa na wenzake ana kosa, na mzazi ndiye anayekwenda kumwombea msamaha, tena haendi mikono mitupu. Hakuna aliyewahi kumweleza mama benchi ni kitu gani. Jumamosi iliyofuata alikuja uwanjani moja kwa moja kutoka zamu ya ghalani, kitenge juu ya buti za kazi, galoni ya maziwa aliyogandisha mwenyewe mkononi, na nyuma yake mzee wa kanisa anayejua Kifaransa. Mazoezi yakasimama.

"Kocha, nimekuya kuomba musamaha," alisema kwa Kiswahili chetu cha Kivu, kilichochanganyika na Kifaransa, kichwa ameinamisha. "Kama huyu mutoto alikukosea, bon, hasira ikuye kwangu. Ni mimi nilimuzaa. Lakini usimutupe."

Nilimwambia kwa Kiingereza aache, ananiaibisha. Hakunitazama. Wenzangu walikuwa wameziba midomo kwa fulana, na mimi niliomba ardhi inimeze.

Kocha alisubiri mzee atafsiri, kisha akaipokea galoni kwa mikono miwili. Alijibu polepole sana.

"Anasema mutoto hana kosa," mzee akatuambia. "Yeye mwenyewe alikaa benchi miaka mingi, donc, ni pale alijifunza kuona mupira. Anasema huyu anaona mambo kabla ya wengine, njo maana anamuweka karibu yake. Columbus ataenda."

Nilikwenda. Nilicheza dakika kumi za mwisho, tukafungwa, na nilirudi nikiimba.

Kocha huyo namshukuru kila wiki, maana leo nami nafundisha wasichana, na macho ninayotumia ni yale aliyonifungulia pale benchi. Mama nilichelewa kumshukuru. Kwa miaka nilikumbuka aibu yangu tu. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaona: siku ile mama aliamini kabisa kwamba nimefanya kosa, pengine kubwa, na alikwenda kulibeba bila kuniuliza ni kosa gani.