Mchana wa Busan na Kochi la Tonton Balthazar

Enzi zetu, sisi watoto wa Saint-Gilles, mtaa wa Brussels, ambao wazazi wetu walitoka Bukavu, kusafiri kulikuwa ni kwenda kukaa. Nasema kukaa kweli, makalio juu ya kochi. Wenzetu darasani walirudi kutoka likizo wakisimulia minara, mapango na makumbusho. Sisi tulirudi tukiwa tumeona sebule. Nimekaa sebule ya Lille, nimekaa sebule ya Liège, nimekaa sebule tatu tofauti za Paris, na ule mnara wao mrefu nimeuona kwenye kopo la biskuti ambalo mwenye nyumba alitunzia sindano na nyuzi. Kama nawe ulikulia nyumba ya namna hiyo, najua sasa hivi unatikisa kichwa.

Siku ya safari maman alituamsha kabla ya jogoo, ingawa Saint-Gilles haikuwa na jogoo. Tulipakwa mafuta usoni mpaka tukang'aa. Begi kubwa halikuwa la nguo, lilikuwa la chakula: sombe, yale majani ya muhogo, ndani ya makopo ya aiskrimu, kuku wa kukaanga, na ndagala, dagaa wa kwetu, walionunuliwa jana yake kwenye maduka ya Chaussée de Wavre baada ya mabishano marefu, maana mtu haendi kwa watu mikono mitupu. Kituo cha treni cha Gare du Midi tulifika mapema mno, papa akiwa ameshika tikiti zote mkononi kana kwamba kuna aliyetaka kumpokonya. Kaka yangu Patient, aliyenizidi miaka miwili, alikaa dirishani kwa haki ya ukubwa, mimi nikakaa na sombe mapajani. Behewa zima likajua kwamba sisi tumepanda.

Na tukifika? Salamu kwanza, kisha sala, kisha habari za Bukavu, nani kaoa, nani kafa, nani kanyang'anywa kiwanja. Sisi watoto tulipewa Fanta moja moja na kuwekwa kwenye ncha ya kochi lililofunikwa plastiki. Wakati wa kiangazi mapaja yalinata pale, ukiinuka unasikia ngozi ikibanduka. Kuuliza tutaondoka lini lilikuwa kosa kubwa kuliko kuvunja glasi. Papa alikuwa na jicho moja la kutosha kumrudisha mtoto kwenye nafasi yake bila kufungua mdomo, na akiufungua, alisema lile lile kila mara: "Muji haina siri. Nyumba njo iko na siri. Kaa, itakuambia."

Sisi hatukutaka siri. Tulitaka bahari.

Hapo ndipo ninapomkumbuka Tonton Balthazar. Alikuwa rafiki wa papa tangu ujana wao, akaishia Ostend, kando ya bahari, akifanya kazi jikoni kwenye mgahawa fulani. Papa alipotangaza kwamba tunakwenda kumsalimu, mimi na Patient hatukulala. Ostend! Patient alificha mpira chini ya koti. Tulipotoka kituoni upepo ulitupiga na ile harufu ya chumvi, tukasikia ndege wa baharini wakigombana juu ya mapaa, na nyumba ya tonton ilikuwa karibu na maji kiasi kwamba mchanga ulikuwa umejikusanya kwenye ngazi ya mlango. Tukapanda, tukasalimu, tukakaa.

Tukakaa asubuhi, tukakaa mchana. Tonton alisema kila kitu kiko sawa. "Ça va, kaka, tunashukuru Mungu." Papa akaitikia, akaomba chai nyingine. Maongezi yalipokwisha, wakanyamaza, na papa hakuonyesha dalili yoyote ya kunyanyuka. Patient alikuwa akinisukuma kwa kiwiko, akionyesha dirisha kwa macho. Jua lilikuwa limekwisha kuhamia ukuta wa pili pale Tonton Balthazar alipoweka kikombe mezani, akafunika uso kwa mikono miwili, na mabega yake yakaanza kutikisika. Tulifukuziwa jikoni. Tulichosikia kupitia mlangoni ni kwamba kazi ilikwisha zamani, kwamba umeme ungekatwa, na kwamba alikuwa amefikia kuwaza mambo ambayo papa hakumruhusu kuyamalizia. Jioni ile tulirudi Brussels naye. Alilala sebuleni kwetu majira yote ya baridi, akitupeleka shule asubuhi kwa mkono mmoja kila mtoto, mpaka alipopata kazi nyingine na kucheka tena.

Ungedhani tulijifunza. Wapi! Sisi tulinuna kwa sababu ya mpira. Usiku ule Patient aliniambia, kwa hasira ya mtoto aliyedhulumiwa haki yake, "Miye nikikuwa mukubwa, mugeni yangu hatakaa. Atatembea mpaka miguu iombe ruhusa." Nikamwambia na mimi hivyo hivyo.

Basi Patient akawa mkubwa. Akasomea injini za meli, akaoa mke Mkorea, akahamia Busan, mji wa pwani, meli kila upande. Mtoto wao wa kiume tulimjua kwa simu tu. Kila tulipoongea Patient alikuwa anapanga mchana wetu siku tutakayokwenda: soko la samaki, hekalu juu ya miamba, magari ya kamba yanayopita juu ya bahari. Maman alifariki bila kuona hayo. Papa alipozidi kuelemewa na upweke, nyumbani kwake Koekelberg, mtaa mwingine wa Brussels, nikasema sasa basi, twende.

Tulikwenda watatu: papa, mimi, na binti yangu Grâce, aliyekuwa anajua nyimbo za Kikorea kuliko nyimbo za kanisani na alidhani safari ni yake. Vijana wa siku hizi hawaendi kwa mtu. Wanakwenda kuhakikisha picha walizokwisha kuziona. Grâce alikuwa na Busan nzima ndani ya simu, na kahawa atakayoipiga picha, na ukuta atakaoegemea. Papa alikuwa na sombe iliyogandishwa, makayabu, samaki wakavu wa chumvi, yaliyofungwa mara nyingi ili chumvi na harufu visitoroke, na kitenge cha mkwe wake. Hilo ndilo lililokuwa tatizo la kwanza, kwa sababu Patient alitupokea uwanja wa ndege, mwembamba, mwenye kicheko cha haraka, akatupeleka hotelini.

Papa alisimama katikati ya ukumbi wa hoteli na begi lake la sombe. "Miye niko na mutoto hapa, na nilale hoteli?"

"Papa, kwangu kuko kadogo," Patient akasema. "Na maman ya mutoto alienda na mutoto kwa wazazi yake. Hapa iko mbele ya bahari. Angalia, papa, bahari!"

Papa hakuiangalia. Alikwenda kuweka sombe ndani ya kile kijifriji cha chumbani, kati ya chupa za bia.

Siwezi kusema uongo: ilikuwa michana mizuri kuliko yote niliyowahi kupewa. Soko la samaki, akina mama wenye glavu ndefu za mpira na sauti za kuuza zilizonikumbusha soko la nyumbani, unachagua samaki chini, unapelekewa juu ukiwa umekaa. Pweza mmoja alimnyooshea papa mkono. "Hiyi inaniangalia," papa akasema, akasogea nyuma, tukacheka mpaka machozi. Tulipanda kilima chenye nyumba zilizopakwa rangi ya waridi, buluu na manjano, vichochoro vyake vyembamba kama vya milima ya Bukavu. Tulining'inia juu ya maji ndani ya kigari cha kioo, Grâce akipiga kelele, papa akishika rozari. Tulikula keki za moto zenye sukari na mbegu ndani. Na pwani ya mchanga mweupe, mimi, mama mzima, nilivua viatu nikaingia majini na sketi yangu, nikasema moyoni, Ostend, nimekulipiza.

Lakini kila asubuhi, kabla ya chai, papa alimwuliza Patient swali lile lile. "Leo njo tunaenda kwako?"

"Bon, papa, kesho. Leo tuanze na hekalu, asubuhi watu hawajajaa."

Hekalu lile limejengwa juu ya miamba, mawimbi yanapiga chini yake, ngazi ni nyingi. Papa alizishuka polepole, akakuta jiwe pana, akakaa. Akapapasa nafasi iliyobaki pembeni yake. "Patient, kaa."

"Papa, basi itatuacha."

"Iache iende. Kaa."

Patient alicheka kile kicheko chake cha haraka, akatazama saa, akasema tukichelewa basi tutakosa bafu la maji ya moto. Nami nilikuwa hapo hapo. Nilikuwa hata na la kusema: "Papa, muache atuonyeshe, amengojea siku hii tangu utoto." Papa akanitazama kwa jicho lile la zamani, lakini mimi sikuwa tena mtoto wa kurudishwa kwenye kochi. Akanyanyuka. Tukaliwahi basi.

Tulirudi Koekelberg, na kama mnavyojua, msafiri akirudi watu huja kuchukua habari. Walikuja baada ya misa, wakakaa, wakapewa chai, wakasubiri. Habari kwetu si majengo. Habari ni anakula nini, analala vipi, mke ni mtu wa namna gani, mtoto anafanana na nani. Papa aliulizwa hayo yote, akawa anazungusha kikombe. Akasema, "Bahari yao iko kubwa." Grâce, ili kumwokoa babu yake, akatoa simu na kupitisha picha, nazo zilikuwa nyingi ajabu. Maman Bahati, jirani wa ghorofa ya chini, alitazama kwa adabu mpaka uvumilivu ukamwishia. "Lakini Patient iko wapi? Tuonyeshe Patient." Tukamtafuta. Hakuwemo, maana kila mara yeye ndiye aliyeshika simu akituambia tucheke.

Ukweli ulikuja baridi ilipoanza. Patient alinipigia mchana nikiwa kazini, akasema kwa sauti ya chini kwamba mkewe alikwisha kuondoka na mtoto kabla hatujafika, mji mwingine, na kwamba haruhusiwi kumwona mtoto mara nyingi. Kazi ya meli nayo ilikwisha. Anakaa chumba kimoja. "Sikutaka papa aone," akasema. Alituzungusha mji kuanzia asubuhi mpaka jioni ili tuchoke, ili tusibaki na nguvu ya kuomba kwenda kwake. Nilikaa kwenye ngazi za kazini nikalia kwa uchungu, kwa sababu nilikumbuka jinsi nilivyofurahi.

Nilimwambia papa jioni ile, nikiogopa moyo wake. Hakushtuka. "Nilijua kuko kintu," akasema. "Siku moja tu tungekaa. Siku moja, chai, bila kwenda fasi yoyote. Angesema yeye mwenyewe." Akataka kurudi Busan wiki ile ile. Daktari akakataa: moyo ule hautapanda tena ndege. Tulimwomba Patient arudi kwetu, akasema hawezi kumwacha mtoto, hata kama anamwona mara chache. Hapo hakuna wa kumlaumu.

Kwa hiyo sasa kila Jumapili asubuhi, kabla ya kanisa, kwa Patient ikiwa alasiri, ninamsimamishia papa simu mezani na kumfungulia video. Grâce hushangaa: "Lakini mama, hawasemi kitu!" Kizazi hiki kikikaa kimya kidogo kinadhani mtandao umekatika. Namwambia aache. Papa amevaa suti, anakunywa chai yake, Patient anakunywa yake, magari ya huko yanasikika, saa inapita. Wiki nyingi zilikwenda hivyo. Jumapili iliyopita papa aliweka kikombe chini, akasema, "Zungusha simu. Nione kwako."

Patient naye aliweka kikombe chake chini. Kisha simu ikaanza kuzunguka. Tuliona godoro sakafuni, limetandikwa vizuri. Mashati mawili kwenye msumari. Jiko la moto mmoja. Dirisha linalotazama ukuta wa jengo jingine, na chini ya dirisha viatu vya mtoto, vipya, ambavyo sasa lazima vimekuwa vidogo. Papa alitazama kila kitu bila haraka, kama mtu aliyeingia na anatafuta pa kukaa. Simu ikarudi kwenye uso wa Patient.

"Bon," papa akasema. "Sasa nimefika Busan."

Patient akaanza kulia, mabega yakitikisika, bila kujificha. Papa akanyoosha mkono ili amguse shavu, kidole kikaangukia kitufe chekundu, na kioo kikawa cheusi. Alibaki ameunyoosha hivyo, akinitazama aelewe amefanya nini, nami nilikuwa nahangaika kupiga upya na namba haishiki. Siku hizi tunaonana mpaka ng'ambo ya dunia, na tunashukuru. Lakini enzi zetu, mtu akilia, alikuwa karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono.