Baba Kozue

Mimi sina mtoto. Sijaoa, sijaacha, sijaachwa. Nalisema mapema kwa sababu kwa miaka kumi na mitatu, katika duka la keki lililo karibu na kituo cha treni cha mji wetu hapa Tochigi, Japani, nimekuwa nikiitwa Baba Kozue, nami nikiitika.

Kozue ni msichana wa katuni. Anime yenyewe, yaani hiyo katuni ya Kijapani, ilikuwa ya vipindi kumi na viwili tu, habari za wanafunzi watano wanaotunza kituo cha hali ya hewa mlimani. Ikaisha, watu wakahamia nyingine, mimi nikabaki. Msiniulize kwa nini. Kuna watu wanabaki kwenye ndoa mbovu miaka arobaini na hakuna anayewauliza. Kozue ana miaka kumi na mitano, mwaka nenda mwaka rudi, na siku yake ya kuzaliwa ni tarehe saba Novemba.

Sisi mashabiki tuna desturi yetu. Siku hiyo unanunua keki yenye jina lake, unaiweka mbele ya kisanamu chake, unapiga picha, unaitia mtandaoni. Nina ukurasa wangu huko, naandika mistari mitano sita kila siku. Tarehe tatu Februari, siku ya kurusha maharage kufukuza mashetani: Kozue angeyarusha moja moja, ana huruma hata kwa shetani. Tarehe tatu Machi, siku ya wanasesere: mvua, na nimekula peke yangu. Mwezi mpevu wa Septemba: mawingu matupu. Wasomaji wangu wanafika kama ishirini. Mchana nakagua vifuniko vya plastiki kiwandani, jioni naandika. Huzuni sina, na furaha pia sina. Ndani ni kama mguu ulioukalia vibaya ukafa ganzi: unajua upo, lakini ukiubonyeza hausikii kitu.

Kosa lilianza hivi. Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu, nimeingia kwa Mama Onodera kuagiza keki ya boga yenye maandishi "Hongera Kozue". Nyuma yangu wamejipanga akina mama watatu na watoto wao. Mama Onodera, mwenye duka, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mnadi, akauliza, "Binti anatimiza mingapi?"

Ningesemaje? Ningesema ni katuni, mbele ya wale wanawake? Ningesema kumi na mitano, angehesabu kwenye uso wangu akaona nilizaa nikiwa na kumi na minane. Nikasema, "Saba."

"Saba! Basi mwezi huu anakwenda hekaluni na kimono yake!" Akazunguka meza, akanitia mkononi mfuko wa zile peremende ndefu wanazopewa watoto wa miaka saba. "Mpe. Mwambie zimetoka kwa bibi wa keki."

Nilizila mwenyewe. Zilichukua wiki mbili.

Mwaka uliofuata nilidhani amesahau. Aa wapi! Sijafunga mlango vizuri nikasikia, "Baba Kozue! Nane leo!" Nikaitika. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikwenda miaka kumi na mitatu na ilikuwa na vituo vingi. Alipotaka picha, nikamwambia mtoto yuko Sendai kwa mama yake, keki nampelekea kwa treni; tumeachana, mama hataki picha. Basi akanihurumia, na hapo ndipo nilipojifunga kamba kabisa.

"Na shule vipi?"

"Anapenda sayansi. Hali ya hewa hasa."

"Marafiki?"

"Wanne." Hilo lilikuwa kweli. Kipindi cha kwanza mpaka cha kumi na mbili, marafiki wanne.

Alipofikia umri wa mtihani wa chuo, Mama Onodera alipanda ngazi za hekalu la mlimani, mia na zaidi, na magoti yake yale, akamnunulia hirizi ya mitihani. Machi akaniuliza kama amefaulu. Nikasema amefaulu. Mama wa watu akalia pale dukani, kesho yake akanipikia wali wa maharage mekundu, ule wa sherehe. Niliula nikiwa nimesimama kwenye sinki. Nikajaribu kuona aibu, haikuja. Nikaandika kwenye ukurasa wangu: Leo wali mwekundu, chumvi ya kutosha.

Novemba iliyopita nikaenda kuagiza kama kawaida. Kozue alikuwa anatimiza ishirini, kwa hesabu za Mama Onodera.

"Keti," akaniambia. Hakuwahi kuniambia keti. "Duka nalifunga mwisho wa Desemba. Miaka sabini na minne, Baba Kozue, mikono imechoka. Lakini kuna jambo moja sijalimaliza." Akatoa kifurushi cha karatasi nyeupe, akafungua fundo. Ilikuwa kimono ya mikono mirefu, ile ya wasichana, ya bluu yenye korongo weupe. "Hii ilikuwa yangu. Nikazaa wavulana wawili. Nao wakazaa wavulana watupu, kama wameapa! Januari ni sherehe ya waliotimiza ishirini, mwanao anaingia utu uzima. Ataivaa hii. Sitaki kitu. Nataka aje nimwone, dakika tano, nife nikijua ilivaliwa. Urefu wake?"

"Mita moja na sentimita hamsini na nne," nikasema. Ilinitoka tu. Imeandikwa kwenye kitabu rasmi cha katuni yake, ukurasa wa tatu.

Mama Onodera akapiga makofi. "Baba anayemjua mwanawe mpaka sentimita! Wanangu walioko Osaka hawajui hata siku ya kuzaliwa kwangu."

Jioni nikampigia simu Haga, msomaji wangu wa Hokkaido, ambaye sijawahi kuonana naye, nikamweleza yote.

"Mwue," akasema.

"Nani?"

"Mtoto. Ajali ya baiskeli. Watu hawafi?"

"Haga, usinifanyie masihara."

"Basi kodi msichana. Tokyo wanakodisha hata mashangazi wa harusini. Wa mita moja na hamsini na nne hawakosekani."

"Kisha yule bibi amkumbatie mtu wa kukodi?"

"We, unataka nini hasa?"

Sikujua ninataka nini. Nilijua nisichotaka: kuingia duka lile nisikie amri ya kutoka. Nikihesabu watu waliozungumza nami mwaka mzima zaidi ya "habari za kazi", walikuwa Haga na Mama Onodera. Nikaamua kunyamaza mpaka duka lifungwe. Kunyamaza nakuweza.

Tarehe ishirini na tatu Desemba, saa tisa mchana, nilikwenda kuchukua keki ya Krismasi. Dukani hakukuwa na mteja. Kimono ilikuwa inaningoja kwenye fremu ya kutundikia nguo. Mama Onodera alikuwa ameishona upya kwa mkono wake, kiunoni na mikononi, wiki saba, na vidole vyake vilikuwa na plasta tatu.

"Hebu ishike mabegani, nione pindo."

Nikaishika. Bega lake lilinifikia kifuani. Mimi Kozue niliyemzoea ni wa kusimama mezani, urefu wa kalamu. Miaka yote hiyo sikuwahi kuona mita moja na hamsini na nne ni kimo gani. Ni kimo cha mtu. Unamtazama kwa kuinamisha kichwa kidogo. Mikono ya kimono ikaning'inia na ndani yake hakuna kitu.

"Mama," nikasema, "Kozue hayupo."

Rangi ikamtoka. Akashika ukingo wa kabati la kioo. "Lini? Mungu wangu, lini? Alikuwa anaumwa?"

Hapo ndipo penyewe. Ilikuwa niitikie kwa kichwa tu, mara moja. Angenililia, angenifariji, angenipikia, ningebaki Baba Kozue mpaka kufa kwangu, tena baba aliyefiwa. Machozi yalikuwa yameshaanza kumtoka.

"Hapana," nikasema. "Hajafa. Hakuzaliwa. Ni msichana wa katuni, Mama. Wewe uliuliza miaka, nyuma kulikuwa na watu, nikasema saba."

Jokofu likawa linanguruma.

"Katuni," akasema.

"Ndiyo."

"Nilipanda ngazi zile."

"Najua."

"Hujui! Wiki nzima sikuweza kuinuka chooni bila kushika ukuta. Kila Mwaka Mpya nawataja hekaluni wanangu, wajukuu zangu, na yeye. Namtaja wa mwisho ili asisahaulike. Baba—" Akakatiza neno. Akalitafuta jingine. "Wewe! Wewe ni mtu wa aina gani?"

Akaninyang'anya kimono. Akaikunja juu ya meza, kila pindo mahali pake. "Hii itauzwa pamoja na meza na tanuri," akasema. Nikangoja aniambie toka. Niliogopa, nasema kweli, niliogopa kama sikuwahi kuogopa tangu mama yangu alipofariki.

"Keki alikula nani?"

"Mimi."

"Zote?"

"Zote."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Na maboga niliyokuwa naagiza kwa ajili yake?"

"Boga silipendi, Mama. Anayelipenda ni yeye." Nikayasikia maneno yale yakitoka, nikatamani ardhi inimeze.

Alinitazama kama mtu anayesoma tarehe kwenye kopo la maziwa. Kisha akafuta macho kwa aproni, akanyoosha kidole kwenye kabati la kioo. "Haya. Zipo kumi na moja hapa. Wewe unapenda ipi?"

Nikatazama. Stroberi, chokoleti, jibini, ya ndizi, ile ya chai ya kijani. Nilikuwa najua Kozue angechagua ipi, na rafiki zake wanne kila mmoja angechagua ipi, na ningeweza kuandika mistari sita juu ya kila moja.

"Sijui," nikasema.

"Nakuuliza wewe."

"Ndiyo, Mama. Sijui."

"Urefu wa mtu asiyekuwepo unaujua. Damu yake?"

"Kundi O."

"Lo!" Kengele ya mlango ikalia, wakaingia wateja wa Krismasi, baba mmoja na binti zake wawili, na nyuma yao wengine. Mama Onodera akavuta visanduku vyake, akanisogeza pembeni kwa kiwiko. "Simama hapo," akaniambia bila kunitazama, "mpaka ujue."

Nikasimama. Watu walipita mbele yangu wakichagua, hata watoto wa miaka mitatu, kidole moja kwa moja kwenye kioo: hii. Aibu ilinipanda, ikauma, nami nikashangaa kwamba imeuma. Wengine waliniomba radhi wakidhani nimejipanga foleni. Mama Onodera kila akipata nafasi alinigeukia, akainua nyusi, nami nikatikisa kichwa.

Saa kumi na moja, giza limeshaingia na zimebaki keki mbili, alianza kushusha pazia la chuma, akaliacha nusu. Nilikuwa bado nimesimama pale pale, na nilikuwa bado sijajua.