Mikono ya Koko na Picha za Uingereza

Niliporudi Bukavu mwezi wa saba, sikufungua hata valizi yangu ya nguo. Nilitoa bahasha ya picha, nikashuka mtaa wa Nguba kwenda kwa jirani yetu wa zamani. Kaa karibu, rafiki yangu, nikueleze, maana safari hiyo niliianza moyoni nikiwa na miaka tisa.

Wakati ule tulikaa Nguba katika nyumba ndogo ya nyuma, ziwa likionekana kati ya migomba. Koko, mama wa mama yangu, alikuwa mtu wa Katana, na kazi yake ilikuwa kuuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Asubuhi aliwaanika juu ya bati, mimi nikikaa na fimbo kufukuza kuku. Mchana alikaanga wachache kwa pilipili, tukawala na bugali ya muhogo, na harufu ikabaki kwenye nguo, kwenye nywele, hata kwenye daftari zangu za shule. Kwangu ndiyo ilikuwa harufu ya nyumbani.

Jirani alikuwa mke wa mtu wa ofisi. Mwaka mmoja, mume akiwa likizoni, walikwenda vakansi kusini mwa Uingereza, akarudi na albamu nene. Kila Jumapili baada ya misa alituita watoto wa kartie, mtaa wote, barazani kwake, akatufundisha kutamka majina. Rye, yenye barabara ya mawe inayopanda mlima. Lacock, kijiji ambacho huoni hata waya mmoja wa umeme. Corfe, ngome iliyobomoka juu ya kilima. Na Lyme Regis, penye ukuta wa mawe ulioingia baharini ukajipinda kama mkono. Tuliyakariri kama katekisimu. Koko naye alikuja, akasimama nyuma yetu, mikono mgongoni, akitazama kwa hamu.

Siku moja aliona mashua kwenye picha ya Lyme Regis. "Na hawa wanavua?" aliuliza. "Wanavua nini?" Akanyoosha kidole, akaigusa.

Jirani alimpiga mkono, vile unavyompiga mtoto anayechovya kidole kwenye sukari. "Toa mikono yako, mama. Utaninukishia Ulaya yangu." Akachukua pamba yenye alkoli, akaupangusa ukurasa taratibu mbele yetu sote. Watoto walicheka. Na mimi nilicheka, kwa kuogopa nisije nikachekwa.

"Pardon, maman," koko alisema, akimwambia mwanamke mwenye umri wa binti yake.

Jioni ile nilimkuta uani akisugua mikono kwa sabuni, halafu kwa majani ya mlimao, halafu kwa jivu, kisha kwa sabuni tena. Hakurudi barazani kule. Alikufa nikiwa sekondari, tukamzika Katana.

Mimi nilisoma kwa hasira. Kazi yangu iliponipa nafasi ya kwenda sitaji, mafunzo ya kazi ya miezi mitatu, niliomba kusini mwa Uingereza, na kila Jumamosi nilipanda basi. Mawe ya Rye yaliniumiza miguu. Lacock nilitafuta waya, kweli sikuuona. Corfe nilipanda hadi juu na mvua ikininyeshea. Kila mahali nilipiga picha nikicheka meno yote nje, na kila cheko lilikuwa la kumwonyesha mtu mmoja tu, jirani yule. Lyme Regis niliiacha ya mwisho. Nilipofika kwenye ule ukuta, pua ilijua kabla ya macho. Nyavu, kamba, masanduku, vyote vilinuka samaki.

Jirani nilimkuta barazani pale pale, sasa mjane, miguu imevimba, ameketi na wamama wanne wa kikundi chake cha sala. Alifurahi kuniona. Nilipanga picha mezani moja moja, naye akatamka majina kama zamani. Kisha nikamwambia, "Maman, Lyme Regis inanuka samaki. Ulisahau kutuambia."

Hakuelewa. Nikaeleza yote mbele ya wenzake, kidole, kofi, pamba, alkoli. Wale wamama wakashusha macho.

"Koko gani?" jirani aliuliza. "Mutoto wangu, siko nakumbuka. Wamama ya sambaza walikuwa wengi."

"Alishakufa, lakini umuombe pardon."

"Mutu alishakufa?"

"Sema tu, maman. Hawa wasikie."

Aliwatazama wenzake. "Pardon, mama ya sambaza."

"Alikuwa na jina," nilisema. Nikampa jina la koko, nikamlazimisha arudie. Alirudia akilia. Nilikusanya picha zangu nikaondoka. Usiniulize kama nilimhurumia. Nilitembea nikijiona mrefu.

Nilikwenda moja kwa moja penye nyumba yetu. Nilitaka kusimama uani nimwambie koko kwa sauti kwamba mwanamke yule amesema pardon. Migomba haiko tena. Kuna nyumba ya etaji, ghorofa juu ya ghorofa, ukuta wa zege unaoshuka mpaka majini, na mlinzi getini.

"Unatafuta nani, maman?"

"Nyumba ya nyuma. Koko yangu alikuwa anaanika sambaza hapa."

Alinitazama kwa adabu. "Hapa hapana nyumba ya nyuma, maman. Iko betoni mupaka ku ziwa." Akaniuliza jina la koko, labda wenye nyumba wanamjua. Nilimtajia. Akatikisa kichwa.

Nilisimama pale na bahasha yangu nikiwahesabu watu wa zamani mmoja mmoja, nani amehama, nani amekufa. Nguba nzima nilibaki na mtu mmoja tu aliyewahi kumwona koko na anayelijua jina lake. Nilikuwa nimemwacha barazani akilia.