Mume wa Kuazima

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kama naiona, nayo ilinirudia juzi ulipokuja na simu yako. Ulinionyesha mwanasiasa wa Marekani, Biblia mkononi, bendera nyuma yake, akipaza sauti kuhusu ndoa takatifu na heshima ya baba nyumbani. Ukasema, "Bibi, huyu ndiye kiongozi. Nikigombea udiwani nitaongea kama huyu." Nami nikaendelea kuchambua maharage yangu. Leo kaa hapa nikuambie. Huyo wa kwenye simu simjui, wala sitamsingizia. Lakini wa aina yake nilimtafsiria kwa mdomo wangu huu, kule Kihagara, kijijini kwetu kando ya ziwa, nilipokuwa binti mwenye meno yote.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na Kiingereza changu kilisifiwa mwambao mzima. Ukaja ujumbe wa kanisa kutoka Marekani, na ndani yake mlikuwa na mheshimiwa mmoja aliyekuwa akitafuta kura huko kwao. Alikuwa wa wale wanaoitwa wahafidhina, wanaosema wao ndio walinzi wa dini, familia na mambo ya wazee. Si dhambi kuyalinda hayo. Hata mimi nayalinda. Padre wetu wa Kianglikana akanituma mjini Mbinga, juu milimani, kumpokea na kumkalimania. Mheshimiwa aliponisikia nikiongea akafurahi, akaniahidi mbele ya watu kwamba atanitafutia nafasi ya chuo huko kwao. Mwanangu, usiku huohuo nilianza kuwaza nitavaa koti gani kwenye baridi ya Marekani.

Pale Mbinga, kwa Wakatoliki, alifanya ishara ya msalaba na kusema bibi yake alimlea kwa rozari. Tulipokuwa tunateremka milima kuja ziwani akaniuliza, "Huku chini ni kanisa gani?" Nikamjibu kwamba wengi ni Waanglikana. Akamgeukia mwenzake mwenye kamera, akacheka. "Basi leo mimi ni Mwanglikana." Akaendelea kusema kwamba mara ya mwisho kuingia kanisani bila kamera ilikuwa siku ya kumzika mama yake. Kisha akasema kura zake nyingi anazipata kwa kuwasema wanawake wanaozaa bila waume, kwamba ni wavivu wanaokula jasho la wengine, maana watu wake wanapenda sana kusikia hivyo. Aliyasema hayo mbele yangu kama mtu asemavyo mbele ya kiti.

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nilijua methali hiyo tangu utotoni, lakini siku ile ndipo nilipopanda nayo gari.

Tulipofika Kihagara alitaka picha ya familia imara ya Kiafrika. Akaipenda nyumba ya Felista, jirani yetu, iliyokandikwa vizuri na uwanja umefagiwa, usipa, dagaa wa ziwani kwetu, umeanikwa kwenye chanja, watoto wamevaa sare safi. Akaketi kwenye mkeka bila kungoja kukaribishwa, akampakata kitindamimba. Kamera ikaanza kazi. Ndipo akauliza baba yuko wapi. Nikatafsiri.

Felista alikuwa anageuza samaki, wala hakuinua kichwa. "Hayupo. Hakuwahi kunioa. Alikwenda Msumbiji, akanogewa."

Mheshimiwa akamtua yule mtoto kama mtu anavyotua sufuria iliyomuunguza vidole. Akanong'ona na mwenzake. Kisha akamnyooshea kidole Kosmas, mvuvi aliyekuwa anashona wavu wake upande wa pili wa uwanja.

"Mwambie yule bwana aje akae karibu na mama, amshike bega. Ni picha tu. Watu wa kwetu wanahitaji kumwona baba."

Kosmas, ambaye mkewe wa ndoa alikuwa shambani akipalilia mihogo, alicheka nilipomtafsiria. Alipoona hatutanii, akaacha kucheka. Padre, aliyekuwa ametupokea kijijini, akanisogelea. "Ni picha tu, binti yangu. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Felista akajifuta mikono kwenye kanga, akasimama.

"Mwalimu, mwambie hivi, na usipunguze. Nyumba hii nimeikandika mwenyewe. Watoto hawa wanakula kwa usipa ninaopeleka kuuza Mbinga. Kama nyumba yangu ni nzuri, basi ni nzuri hivihivi ilivyo. Kama ni mbaya, ainuke akatafute nyingine. Lakini mume wa kuazima sitaki, hata wa kwenye picha."

"Lainisha," Padre akaninong'oneza.

Sikulainisha. Hata lile neno la kuazima nililitafutia Kiingereza chake, nikalipata. Mheshimiwa akatabasamu meno yote. "Mwambie nawaheshimu akina mama wote. Kwetu mimi ndiye mtetezi wao." Hilo nalo nikalitafsiri, maana mkalimani hachagui. Lakini Felista hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Wewe umekuja naye gari moja. Ni kweli?"

Hapo sikuwa mkalimani tena, mwanangu. Nilikuwa nimeulizwa mimi, mtoto wa mwambao, na mwanamke tuliyechota naye maji. Niliyajua yote nitakayoyapoteza. Nikajibu kwa Kiswahili, kisha nikarudia kwa Kiingereza ili mwenyewe asikie: "Si kweli. Njiani amesema wanawake kama wewe ni wavivu wanaokula jasho la wengine."

Kosmas akaweka wavu wake chini. "Basi atoke kwenye mkeka."

Akatoka, uso mwekundu, wala hakuaga.

Jioni Padre aliniita akanikaripia kwamba nimelitia kanisa aibu mbele ya mgeni. Nikampa shikamoo yake, kisha nikamuuliza ni nani hasa aliyeleta aibu pale uwanjani. Alininunia kwa muda mrefu, nami sikumwomba radhi. Chuo kikapotea. Sikudanganyi kwamba sikuumia. Nililia jikoni kwa mama hadi baba akaja kusimama mlangoni. "Lia umalize," akasema. "Chuo kikikosekana utaishi. Ulimi ukishauuza, utanunua wapi mwingine?"

Usidhani nakusimulia kisa cha mnafiki aliyeanguka. Hakuanguka. Picha yake aliipata kijiji kingine, akarudi kwao, akashinda. Miaka mingi baadaye muuguzi mmoja Mmarekani, mama mwema aliyefanya kazi huku kwetu, alitusimulia habari zake. Kulikuwa na mkubwa mmoja ambaye mheshimiwa huyo alimwita hadharani mtu asiyemcha Mungu. Upepo ulipogeuka, mkubwa huyo akashika madaraka, mheshimiwa wetu ndiye aliyekuwa wa kwanza kumfungulia mlango wa gari. Bendera hufuata upepo, lakini bendera haijawahi kusema imetumwa na Mungu.

Kwa hiyo sikiliza. Sikukatazi siasa, wala sikufundishi kuwachukia Wamarekani. Wa kwetu nao tunawaona kila kampeni, dini wanavaa na kuvua kama fulana ya chama. Nyani haoni kundule, nasi tusicheke sana. Ninachokukataza ni kuiga sauti bila kuuliza mwenye sauti anaishije. Mtu akikuhubiria familia, usitazame kitabu alichoshika. Tazama anavyomtua mtoto asiyefaa kwa picha yake. Na wewe ukisimama jukwaani, yasemwe yaleyale uliyoyasema ndani ya gari. Kama nyumba yako ina ufa, sema ina ufa. Watu wa huku wamekaa kwenye nyumba zenye nyufa tangu zamani na hawatakucheka. Wakubwa wakija kukuazima uso wako ili waonekane wema, wanyime. Watakuita mkaidi, na pengine watashinda bila wewe. Waache washinde bila wewe.

Sasa inama nikuwekee mkono kichwani. Mungu wa baba zako akupe ulimi usiokodishwa. Akunyime kila cheo kitakachokutaka uwadharau akina Felista, na akikunyima usimnung'unikie. Mvua ikunyeshee shambani, watoto wako wakutaje bila kuinamisha macho. Haya, simama. Nenda ukagombee.