Mfereji Alioziba Arkorful

Huku Sekondi, pwani ya Ghana, wapo wanaomkumbuka shemeji yangu Kwamena Arkorful kama injinia hodari na baba wa familia. Hao hawakukaa naye. Mimi nilikaa naye.

Alisomea mifereji ng'ambo, akarudi na koti la sufi alilolivaa katika joto letu hili mpaka likaoza makwapani. Ofisini alipewa meza na kiti kinachozunguka, akazunguka nacho mpaka akastaafu. Lakini ole wako umwite Bwana Arkorful! Hata dada yangu Ekua, aliyemzalia watoto watatu, alimwita Injinia. "Injinia, maji ya kuoga tayari." "Injinia, chakula." Nyama alikula peke yake sebuleni, watoto wakichovya kenkey, madonge yale ya unga wa mahindi, kwenye mchuzi mtupu jikoni. Ekua akithubutu kuuliza jambo, jibu lilikuwa moja: "Wewe utaelewa nini?"

Nyuma ya nyumba yao ulipita mfereji wa zamani, ukiteremsha maji ya mvua kutoka kwa majirani wa kilimani. Siku moja akaona maganda ya mihogo yanaelea humo.

"Uchafu wa washamba upite uani kwangu? Mimi?"

Akauziba kwa zege, akajenga na ukuta juu yake. Jirani yake wa kilimani, mzee Botwe, akateremka kumuuliza.

"Injinia, sasa maji yetu yapite wapi?"

"Yarudi kwenu yalikotoka."

"Maji hayapandi mlima, bwana wee."

"Umesoma chuo gani, wewe?"

Mtaa mzima ulicheka, ila yeye alidhani anachekwa Botwe.

Mvua kubwa za Juni zilinikuta pale pale. Nilikuwa nikikaa kwao kumwangalia mama yetu, aliyepooza miguu na kulazwa chumba cha nyuma. Maji yakashuka, yakakuta njia imezibwa, yakajaa nyuma ya ukuta hadi ukuta ukaangukia ndani. Kufumba na kufumbua yalitufika mapajani.

"Injinia, mbebe mama!" Ekua alipiga kelele. "Mimi nawatoa watoto!"

Shemeji akakimbilia sebuleni. Alipotoka, alikuwa ameinua juu ya kichwa picha yake ya mahafali, ile ya fremu ya dhahabu, isije ikalowa. Akaupita mlango wa mama.

"Shemeji! Mama yumo ndani!"

"Nakuja, nakuja," alinijibu, huku akipanda kilimani kwa wale wale washamba.

Ekua aliwafikisha watoto kwa jirani, akarudi. Tulimvuta mama juu ya godoro, sisi wanawake wawili, mpaka Botwe na wanawe walipofika kutupokea. Na tulipofika juu, tulimkuta bwana mkubwa barazani kwa Botwe, amevaa shati la Botwe, anakunywa uji wa Botwe, anawaeleza watu kwamba mvua hii haikuwa ya kawaida, hakuna mtaalamu ambaye angeitarajia.

Ekua, matope hadi kwenye nywele, alimtazama.

"Kwamena," alisema, "nyamaza."

Baaba, binti yao mkubwa, alicheka kwa sauti. Kuanzia hapo, hakuna aliyemwita tena Injinia katika nyumba ile.

Majirani walivunja zege kwa nyundo. Alisimama pembeni akitoa maagizo. Hakuna aliyegeuza shingo. Mama aliishi miaka mingine, na kila mgeni alisimuliwa habari ya picha iliyookolewa. Kwamena sasa alikula jikoni pamoja na wengine, nyama akigawiwa na mkewe.

Nilimshawishi Ekua amwache.

"Aende wapi, Araba? Hata chai hajui kuchemsha."

Alipokufa kwa shinikizo la damu, dada yangu alilia mpaka sauti ikakauka. Nilimuuliza, unamlilia yule yule?

"Hukumzoea wewe," alinijibu, "nilimzoea mimi."

Sikubishana na mjane. Nilikula wali wa matanga, nikafungasha na wa kesho.