Pongezi kwa Dereva Makini

Kila mwaka bima ya gari ilipokaribia kuisha, kampuni ilimtumia mume wangu ujumbe wa simu kumpongeza kwa uendeshaji wake makini. Mume wangu hajui kuendesha gari. Alijiandikisha chuo cha udereva pale Tarime mjini mara mbili, na mara zote mbili alitoroka kabla ya mtihani kwa kisingizio cha mnada wa ng'ombe. Lakini ujumbe ulipoingia alinisomea kwa sauti, polepole, huku akinitazama juu ya miwani kuhakikisha kwamba nasikiliza.

Gari nililinunua mimi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kwa ajili ya kile kigari cheupe cha mtumba nilikatwa mshahara miaka minne. Siku ya kukiandikisha alisema kiingie kwa jina lake. "Kikiwa na jina lako," alisema, "watu wa nyumbani watasema mimi ndiye niliyeolewa." Nikakubali. Hakunipiga, hakunitisha. Nilikuwa nimechoka na sikutaka maneno, na uchovu ule nauchukia mpaka leo kuliko ninavyomchukia yeye.

Jina likiwa lake kwenye kadi ya gari, likawa lake kwenye bima pia. Tulikata bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe likiharibika, nikalipa mimi, na kijana wa ofisi ya bima akatueleza habari ya punguzo. Mwaka ukipita bila kudai fidia yoyote, mwaka unaofuata unalipa pungufu. Ukipita wa pili, pungufu zaidi, mpaka ufike kiwango ambacho hakishuki tena. Ukidai hata mara moja, unarudi ulikoanzia. Mume wangu alikuwa anachezea simu. Mimi nilisikiliza kila neno, kwa sababu katika ndoa ile hakuna aliyewahi kunipa chochote kwa kutokuharibu kitu.

Basi nikaendesha kwa ajili ya lile punguzo. Kutoka nyumbani kwetu Turwa mpaka shuleni, kutoka shuleni mpaka sokoni, na likizo mpaka kwa wazazi wangu Nyansurura, ambako ng'ombe hulala katikati ya barabara na hawaamki kwa honi. Nilizima injini nikangoja waamke. Bodaboda walinitukana kwa mwendo wangu. Siku moja mvua ilipogeuza barabara kuwa matope matupu, niliacha gari kwa mtu nisiyemjua vizuri, nikatembea kwa miguu na viatu mkononi. Miaka mitano gari lile halikupata hata mkwaruzo.

Kila Jumamosi tulikwenda kwao Nyamwaga. Kabla ya kufika kuna kalavati, na migomba imelifunika hivi kwamba walio nyumbani hawakuoni. Hapo aliniambia simama, tukabadilishana viti. Gari ni otomatiki, ukiachia breki linatambaa lenyewe, na kwa namna hiyo lilimfikisha mpaka uani, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine nje ya dirisha. Wa rika lake walisimama kumlaki, wakimwita kijana kwa kilugha. "Mura! Umefika!" Mama yake alipiga vigelegele. Mimi nilishuka upande wa abiria na kapu la mkate na sukari, nikapiga magoti kuamkia wazee, shikamoo huku na shikamoo kule, na mzee mmoja kila mara aliniuliza kama mume wangu hakunitisha kwa mwendo. Mara ya kwanza nilicheka. Baada ya mwaka nilikuwa nasimama kwenye kalavati bila kuambiwa.

Aliligongesha msimu wa tohara, uwanja umejaa watu. Nadhani alitaka waone. Badala ya breki alikanyaga mafuta, gari likaruka likavamia nguzo ya lango la zizi la baba yake. Hakuna aliyeumia. Bampa lilipasuka, taa moja ikafa na boneti ikakunjamana mbele. Akashuka, akafunga mlango kwa kishindo, akanigeukia mbele ya ukoo mzima.

"Nilikwambia usiniongeleshe nikiendesha!"

Sikuwa nimefungua mdomo tangu kalavatini. Wanawake wenzangu walinitazama kwa huruma ya kunilaumu. Mama mkwe akasema, "Mwanangu, mwache mwanaume afanye kazi yake." Nikamjibu, "Ndiyo, mama."

Fundi wa kunyoosha bodi pale Turwa alizunguka gari mara moja akataja bei ndogo kabisa. Nikamwambia mume wangu tulipe wenyewe. Nilimfafanulia kama ninavyowafafanulia watoto wa darasa la nne: tukidai fidia kwa bampa moja na taa, punguzo la miaka mitano linapotea lote, na mwakani nyongeza tutakayolipa itazidi gharama ya fundi. Akaniangalia kana kwamba nimemwomba amuuze mama yake.

"Sasa bima tunalipia ya nini?"

"Tunalipia" alisema. Nilitaka kumrushia sufuria.

Akadai. Karatasi zote alizikusanya mwenyewe, jambo lililopaswa kunishtua, kwani mtu huyo hata bili ya maji hajui inalipwa wapi. Jioni moja nilikuwa nasahihisha madaftari, rundo lenye urefu wa mkono, akaja akaomba nakala ya leseni yangu. Alisema wanataka ya mtu yeyote anayetumia gari. Nikampa. Akaweka fomu juu ya daftari la mtoto, kidole chake kikanionyesha mahali. "Saini hapa. Na hapa." Nikasaini kwa kalamu nyekundu, akaniambia hapana, ya bluu, nikatafuta ya bluu nikasaini tena kwenye fomu nyingine. Darasani kila siku nasema: soma swali kabla ya kujibu.

Fidia ilitoka, gari likanyooshwa, punguzo likafa. Mwaka uliofuata akauza gari bila kuniambia, akanunua ng'ombe dume watatu. Nilipopiga kelele aliniuliza kwa utulivu, jina kwenye kadi lilikuwa la nani?

Nilikaa miaka miwili nikipanda bodaboda na madaftari kifuani. Kisha nikanunua gari lingine, dogo kuliko la kwanza, na safari hii nilikwenda kuliandikisha peke yangu. Mume wangu alinuna wiki nzima, akala vizuri tu.

Nikaenda ofisi ya bima na nia moja. Nilitaka miaka yangu mitano. Nilijua punguzo limekufa, lakini nilisikia kwamba mtu akiandikiwa barua kuthibitisha kwamba ameendesha miaka kadhaa bila ajali, kampuni inaweza kumfikiria. Yule kijana alikuwa bado yupo, amenenepa kidogo. "Shikamoo, mwalimu." Nikamweleza yote, mpaka kalavati. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Mwalimu, ile miaka ni ya mwenye bima," alisema. "Hatuhesabu aliyekuwa anaendesha. Kwenye faili dereva haandikwi, ila ikitokea ajali."

"Kwa hiyo mimi sipo kabisa?"

Akaomba namba ya leseni yangu, akaandika kwenye kompyuta. Kisha akageuza kioo upande wangu.

"Upo, mwalimu. Upo mara moja."

Nilikuwepo. Jina langu kamili, namba ya leseni yangu, na chini yake maelezo: dereva aligongesha gari kwenye nguzo kando ya barabara ya Nyamwaga alipokuwa akikwepa ng'ombe. Asiye na leseni asingelipwa, kwa hiyo mume wangu alimtafuta mwenye leseni. Na sahihi ilikuwa yangu, ya wino wa bluu, wala hakuighushi.

Kijana aliniambia kwa sauti ya chini kwamba naweza kupinga, lakini nitakuwa nimesema kwamba nilisaini uongo, na kampuni iliyolipa kwa uongo huo haiwezi kunikatia bima leo kana kwamba hakuna kilichotokea. Nyuma yangu foleni ilianza kuguna. Nilimchukia mume wangu kwa namna ambayo sijawahi kumchukia binadamu, na nilijichukia pia, na vyote viwili havikunisaidia, kwa sababu gari lilikuwa nje halina bima na kesho yake shule ilikuwa inafunguliwa.

Akanipa fomu mpya. Niliisoma yote, mstari kwa mstari, foleni igune itakavyo. Ukurasa wa pili waliuliza kama mwombaji amewahi kupata ajali akiwa anaendesha. Nikaandika Ndiyo. Chini yake waliuliza ilitokeaje. Nikaomba kugeuziwa kioo tena ili nisikosee, nikanakili kwa mwandiko wangu wa ubaoni kwamba nilikuwa nakwepa ng'ombe.