Anayemjua Shangazi Kuanzia Magotini Kushuka

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mama Mkasi amepiga magoti juu ya gunia, anakata nyasi kwa mkasi wa kushonea. Mbele yake ameketi Shangazi, sanamu ya jiwe ya mwanamke yenye urefu wa mita sita, katika makumbusho ya sanaa yaliyo ndani ya bustani ya mimea.

Jina hilo hakulitoa msanii. Limetolewa na wafanyakazi, maana ukisimama mbele yake unajihisi umekosa adabu.

"Mashine ni marufuku hapa," anasema bila kuinua kichwa. "Iliwahi kurusha jiwe likammegua Shangazi kidole cha mguu. Tangu hapo ni mimi na mkasi wangu. Mwaka wa saba huu."

Sasa mambo yamemwendea kombo. Kivuli cha Shangazi kimeua nyasi nyingi miguuni pake, na msimamizi wa bustani anataka kumwaga kokoto mwisho wa mwezi. Kokoto hazikatwi kwa mkasi. Mama Mkasi atahamishiwa kufagia langoni.

Mwanzoni alimwagilia mara tatu kwa siku, nyasi zikaoza. "Nilizidisha mapenzi," anacheka.

Kisha akaona nyasi za majani mapana zimestawi chini ya mianzi, mahali jua halifiki. Akaomba ruhusa, akahamisha mashina mia nne, moja moja, saa za chakula cha mchana.

"Msimamizi akaniambia, 'Dada, hizo ni nyasi za kichakani.' Nikamjibu, 'Kaka, hata Shangazi katoka machimboni.'"

Zimebaki siku tisa. Jana msimamizi aliinama, akavuta shina moja. Halikung'oka. Aliondoka, ila rundo la kokoto alizoagiza bado liko kando ya ukuta, na kulitazama kunaudhi.

Nyasi zikipona, Mama Mkasi ataomba siku ya mapumziko, akate tiketi mbili, aje na mama yake wakae kwenye benchi la mbele.

"Huyu namjua kuanzia magotini kushuka. Uso sijawahi kuutazama sawasawa, kazi yangu iko chini. Nataka nimwone nikiwa mgeni."

Na kokoto zikimwagwa?

Anapuliza majani yaliyonasa kwenye mkasi.

"Kokoto nazo huota magugu katikati. Hapo watamwita nani?"